Sauti Zetu Ndani ya Laptopu

Katika kijitabu hiki cha jubilei ya miaka 25, wengine wameandika juu ya sare, safari na mashindano. Sisi wa ofisi tumepewa mashine.

Kurekodiwa si jambo geni kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, hapa jirani, akarekodi nyimbo za Wakipsigis, pamoja na ule wa wasichana uitwao Chemirocha. Hilo ni jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyesikika huku kwa santuri, likageuka vinywani mwa watu wetu. Kanda zilihifadhiwa Afrika Kusini, na nakala zikarudishwa Kapkatet mwaka 2014. Miaka 64! Tulipopata habari hiyo tulijiuliza: za kwetu ziko wapi? Tulikuwa na kaseti moja, nayo ilikuwa imetafunwa na redio.

Ndipo tukafanya harambee, tukanunua laptopu (darasani tunafundisha kipakatalishi, lakini kwaya haijakubali).

Corona ndiyo iliyotulazimisha kuitumia. Julai 2020 makanisa yalifunguliwa kwa watu 100 na saa moja tu, na waliopita miaka 58 wakatakiwa kubaki nyumbani. Tukaiweka laptopu juu ya kiti, tukaimba, tukawatumia wazee kwa simu. Kogo wetu, aliyeongoza alto tangu mwanzo, alisikiliza mpaka mwisho kisha akapiga simu: "Watoto wangu, alto wako wapi?"

Kweli hawakuwepo. Soprano nao walikuja na kupotea kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Tulilaumu laptopu, halafu, Mungu atusamehe, tukawalaumu alto.

Kijana mmoja wa besi ndiye aliyegundua. Laptopu ile ilikuwa imewekwa kusikia mtu mmoja anayezungumza, na kuondoa kelele. Sauti inayoshikiliwa muda mrefu bila kubadilika huidhania mvumo wa feni, ikaifuta. Alifungua mipangilio ya sauti, upande wa maikrofoni, akazima usafishaji huo. Akapunguza pia nguvu ya maikrofoni ili mstari usifike kwenye nyekundu, maana sauti ikishapita kilele hukatwa, na kuirudisha vizuri ni vigumu.

Makosa hayakuisha hapo. Tulichomeka maikrofoni ya nje bila kuichagua kwenye mipangilio, laptopu ikaendelea kusikiliza ile yake ya ndani, tukapata wimbo mzima wa feni. Na mvua ya alasiri ya Kericho juu ya mabati hakuna programu inayoiweza. Tukahamia Jumamosi asubuhi.

Wazee waliporuhusiwa kurudi, kogo alisimama mbele kabisa, karibu na maikrofoni. Tulirekodi wimbo mmoja. Zile nyingine tulisema tutamalizia baada ya kufunga shule. Hakufika siku hiyo. Tulimzika mvua za masika zilipoanza.

Wimbo huo tunao katika laptopu, katika flashi mbili, na kwa mwenyekiti. Kabla ya kiitikio cha mwisho kogo anakohoa kidogo. Kijana wa besi alisema anaweza kukitoa kikohozi hicho kwa Audacity, dakika moja tu. Alto wote walimkatalia.