Fimbo Iliyoshika Chandarua

Mjomba alipofariki, vitu vyake viligawanywa kwa siku moja. Redio ilikwenda kwa mdogo wake, baiskeli kwa mwanawe wa kwanza, jembe na panga vikarudi shambani. Ikabaki fimbo. Hakuna aliyeiomba, na hakuna aliyethubutu kuitia jikoni.

Ni fimbo ya mwaloni, urefu wake kama sentimita 182, nene katikati na nyembamba kidogo kwenye ncha. Wajapani huiita bo. Kwao hasa ni visiwa vya Ryukyu, ufalme ambao Japani iliumeza rasmi mwaka 1879 na kuufanya mkoa wa Okinawa. Wapo wanaosimulia kwamba bo ilitokana na mti wa kubebea mizigo begani, ndoo mbele na ndoo nyuma, kama mzegazega wetu. Mjomba aliipenda sana simulizi hiyo. Silaha ya mchota maji, alikuwa akisema.

Karate alijifunza Dar es Salaam katika miaka ya 1970, miaka ambayo Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alikuwa akiwafundisha vijana pale Shule ya Zanaki. Fimbo alipewa na Mjapani mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Vijana wa kujitolea kutoka Japani walikuwa wakija nchini tangu mwaka 1967. Akaja nayo Ifakara kwa treni ya TAZARA, reli iliyokuwa bado mpya.

Alifanya mazoezi kando ya mto alfajiri. Wandamba, mabingwa wa mtumbwi, walidhani amenunua pondo. Mvuvi mmoja aliijaribu, akamrudishia huku akicheka: Kilombero ya masika ina kina kisichofikiwa na fimbo fupi namna ile.

Magoti yalipoanza kumsumbua, aliiweka nyuma ya mlango. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KINET ukawa unaeneza vyandarua vya Zuia Mbu wilayani Kilombero na Ulanga, kwa sababu bonde hili la mpunga lilikuwa na malaria kupita kiasi. Mjomba alinunua kimoja, akakosa mti wa kukitundikia. Akaifunga bo juu ya kitanda. Ikakaa hapo mpaka alipokufa chini yake.

Mimi nilitaka iende inakojulikana. Mtu mmoja aliniambia niiuze, lakini haina muhuri wala jina la fundi. Mwingine alinishauri niipeleke makumbusho, ilale kwenye kioo. Mwishowe nilimpata binti mmoja wa Dar es Salaam anayefundisha watoto karate. Alipoona picha yake, aliniuliza swali moja tu: imepinda?

Nilipomweleza mke wa mjomba, ambaye nimemwita mama tangu utotoni, alinitazama kwa muda.

"Ukiichukua, chandarua kitashikwa na nini?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimeitafutia fimbo nyumba kana kwamba haikuwa nayo.

Nilikwenda kwa seremala mjini, nikamwomba mti wa mtiki wa urefu uleule. Siku hizi mtiki si adimu; unapandwa humuhumu bondeni. Mama aliugonga kwa kifundo cha kidole, akaigonga na bo, akasikiliza. Kisha akasema binti aje mwenyewe, asitumiwe fimbo kwa basi kama gunia la mchele.

Akaja. Tulifungua kamba pamoja. Mwaloni ulikuwa na michirizi meupe pale kamba ilipokaa miaka yote. Akaipima kwenye kidole, akainyoosha mbele ya jicho, haikuwa imepinda. Uwanjani, kuku wakitawanyika, akaanza kuizungusha.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Hajawahi kujifunza karate maishani mwake.

"Mwanangu," alimwambia, "mkono wa kushoto uko chini mno. Yeye alikuwa anashika juu kidogo."

Binti akapandisha mkono. Mama akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani kutundika chandarua kabla giza halijaingia.