Mhunzi Ulingoni: Kumtathmini Upya Bondia Bob Fitzsimmons (1863-1917)

1. Utangulizi

Historia ya ndondi, kama ilivyo historia ya wafalme, huwakumbuka kwanza wale ambao maumbo yao yalilingana na vyeo vyao. Mabingwa wa mwanzo wa uzito wa juu walikuwa watu wa namna hiyo. John L. Sullivan alikuwa na kifua kipana na nguvu za kutisha. James J. Corbett, aliyemshinda Sullivan mwaka 1892, alikuwa kijana mtanashati ambaye pia aliigiza katika majumba ya tamthilia. James J. Jeffries, aliyetwaa ubingwa mwaka 1899, alikuwa pandikizi la mtu mwenye uzito wa zaidi ya kilo 90. Kati ya Corbett na Jeffries yupo bingwa mwingine, Bob Fitzsimmons, ambaye mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja tu, kana kwamba alikuwa daraja la kuwavusha wasomaji kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba usahaulifu huo unatokana na vipimo viwili visivyomfaa: kipimo cha umbo na kipimo cha muda wa ubingwa. Iwapo atapimwa kwa kazi aliyoifanya ulingoni, Fitzsimmons anastahili nafasi ya juu kuliko anayopewa, ingawa si kila dai linalotolewa kwa niaba yake linakubalika.

2. Umbo na asili yake

Robert Fitzsimmons alizaliwa tarehe 26 Mei 1863 mjini Helston, katika jimbo la Cornwall, Uingereza. Alipokuwa mtoto wa umri wa takriban miaka tisa, wazazi wake walihamia New Zealand na kufanya makao mjini Timaru. Huko baba yake alifanya kazi ya uhunzi, na mwana akaifuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, bingwa mstaafu wa Uingereza, Jem Mace, alipofika New Zealand na kuandaa mashindano ya vijana, mhunzi huyo chipukizi alishiriki na kushinda. Baadaye alivuka bahari hadi Sydney, Australia, na mwaka 1890 akaingia Marekani.

Watazamaji wa Marekani waliomwona kwa mara ya kwanza hawakuamini kwamba huyo ndiye bondia. Alikuwa mrefu, takriban mita 1.82, lakini miguu yake ilikuwa myembamba kama ya korongo. Nywele zilikuwa zimeanza kumtoka angali kijana, na ngozi yake ilijaa vidoa vyekundu. Wachoraji wa magazeti walimfanya kichekesho. Lakini aliyeinua macho kutoka kwenye miundi hadi mabegani aliona mwili mwingine: mabega mapana, mgongo mnene na mikono mirefu iliyozoea kuinua nyundo na kuishusha juu ya fuawe tangu asubuhi hadi jioni.

Hapa ndipo tathmini inapaswa kuanzia. Waandishi wengi husema kwamba Fitzsimmons alishinda ijapokuwa alikuwa na mwili mbaya. Ni sahihi zaidi kusema kwamba alishinda kwa sababu ya mwili huo. Sehemu kubwa ya uzito wake mdogo ilikuwa juu ya kiuno, mahali konde linapopata nguvu yake. Miguu ile iliyochekwa haikumwongezea mzigo katika mizani, kwa hiyo aliweza kupigana katika uzito wa kati huku akiwa na mabega ya mtu wa uzito wa juu.

3. Njia ya kuufikia ubingwa

Tarehe 14 Januari 1891, mjini New Orleans, Fitzsimmons alikutana na bingwa wa uzito wa kati, Jack Dempsey aliyeitwa Nonpareil, yaani asiye na kifani. Huyu si Dempsey wa miaka ya 1920, ambaye alirithi jina tu. Dempsey huyo wa kwanza aliaminika kuwa mbingwa wa mabingwa katika ufundi, lakini alishindwa katika raundi ya 13 baada ya kuangushwa mara nyingi.

Miaka iliyofuata inaonyesha jinsi mchezo wenyewe ulivyokuwa ukiishi nje ya sheria katika sehemu nyingi za Marekani. Mwezi Februari 1896, serikali ya Texas ilipokataza pambano lake na Peter Maher, mwamuzi wa kijiji cha Langtry, Roy Bean, aliuhamishia ulingo kwenye fungu la mchanga katika mto Rio Grande, upande wa Mexico. Watazamaji walisafiri mbali sana kuona pambano lililokwisha kwa muda wa sekunde 95.

Tarehe 2 Desemba mwaka huohuo, mjini San Francisco, Fitzsimmons alimwangusha Tom Sharkey katika raundi ya nane. Refa alikuwa Wyatt Earp, yule askari mashuhuri wa magharibi, ambaye alitoa uamuzi kwamba konde lilipigwa chini ya mshipi, akampa Sharkey ushindi pamoja na zawadi ya dola 10,000. Fitzsimmons alikwenda mahakamani. Jibu alilolipata ni kwamba pambano lenyewe lilikuwa kinyume cha sheria, na kwa hiyo mahakama haiwezi kugawa faida yake. Mtu aliyekuwa akichekwa kwa umbo lake sasa alikuwa ameporwa bila ya pa kulalamikia.

4. Carson City, tarehe 17 Machi 1897

Jimbo la Nevada liliruhusu ndondi kwa sheria mwanzoni mwa mwaka 1897, na pambano la Corbett na Fitzsimmons likafanyika Carson City. Corbett alikuwa na uzito wa takriban ratili 183 (kilo 83), na Fitzsimmons takriban ratili 167 (kilo 76). Kwa raundi nyingi Corbett aliongoza kwa wepesi wa miguu na mkono wa kushoto. Katika raundi ya sita Fitzsimmons alipigwa hadi akapiga magoti, uso ukiwa umetapakaa damu, akainuka kabla ya hesabu ya kumi.

Katika raundi ya 14 mambo yaligeuka. Fitzsimmons alisogeza mguu wake wa kulia mbele, akabadili msimamo mzima wa mwili, na kutoka hapo akalizamisha konde la kushoto katika chembe cha moyo cha mpinzani wake. Corbett alianguka akiwa na akili timamu, macho wazi, lakini hakuweza kuvuta pumzi wala kusimama. Magazeti ya Marekani yalilazimika kuwaeleza wasomaji jina la kitabibu la mahali hapo pa mwili, na tangu siku hiyo jina hilo likaingia katika lugha ya kila siku ya Kiingereza. Kiswahili, kwa upande wake, kilikwisha kuwa na jina la chembe cha moyo bila kuhitaji mafunzo ya ndondi.

Pambano hilo lina thamani nyingine kwa mwanahistoria. Enoch Rector alilipiga picha kwa kamera zake, na filamu iliyopatikana, yenye urefu wa zaidi ya dakika 100, ilionyeshwa New York mwezi Mei 1897. Ndiyo iliyokuwa ndefu kupita zote zilizopata kutengenezwa hadi wakati huo. Sehemu zake zimehifadhiwa, na mwaka 2012 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za Marekani zinazostahili kutunzwa. Kwa hiyo Fitzsimmons si bingwa wa hadithi za mdomo pekee. Ushahidi wake unaweza kutazamwa.

5. Hoja za upande wa pili

Tathmini ya haki haina budi kukubali mapungufu. Fitzsimmons alikaa na ubingwa wa uzito wa juu kwa zaidi ya miaka miwili bila kuutetea hata mara moja kwa mafanikio. Alizunguka majukwaani akionyesha ufundi wake, pamoja na ule wa kufua vyuma vya kwato za farasi mbele ya watazamaji. Alipoutetea kwa mara ya kwanza, tarehe 9 Juni 1899 huko Coney Island, Jeffries alimpiga katika raundi ya 11. Aidha, katika muda wote huo hakuna bondia Mweusi aliyepewa nafasi ya kuugombea ubingwa. Ubaguzi huo haukuanzishwa na Fitzsimmons, lakini naye hakuuondoa. Uliendelea hadi Jack Johnson alipotwaa taji mwaka 1908.

Hata hivyo, kushindwa kwake kunahitaji kusomwa kwa makini. Mwaka 1899 alikuwa na umri wa miaka 36 na alimpa Jeffries tofauti ya uzito wa zaidi ya kilo 15. Waliporudiana San Francisco tarehe 25 Julai 1902, alikuwa na miaka 39, na tofauti hiyo ilikuwa imefikia takriban kilo 20. Alimvunja Jeffries pua na kumpasua mashavu kabla ya yeye mwenyewe kuangushwa katika raundi ya nane. Hufikiriwa kuwa ndiye aliyeutangaza msemo wa Kiingereza usemao kwamba kadiri mtu anavyokuwa mkubwa ndivyo anavyoanguka kwa kishindo. Mbele ya Jeffries msemo huo haukutimia, lakini uso wa Jeffries ulithibitisha kwamba haukuwa majigambo matupu.

Wala hapo hakukoma. Tarehe 25 Novemba 1903, akiwa na umri wa miaka 40, alimshinda George Gardner kwa raundi 20 na kutwaa ubingwa wa uzito mpya uliowekwa baina ya ule wa kati na ule wa juu. Alikuwa mtu wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika uzito wa aina tatu. Ni kweli kwamba mwaka 1907 Jack Johnson alimwangusha katika raundi ya pili, lakini aliyeangushwa alikuwa mzee wa miaka 44.

6. Hitimisho

Fitzsimmons alifariki mjini Chicago tarehe 22 Oktoba 1917 kwa ugonjwa wa mapafu. Hadi leo anahesabiwa kuwa mwepesi kuliko mabingwa wote wa uzito wa juu. Wajuzi wa mchezo hawakumsahau kabisa: mwaka 2003 gazeti la Marekani la The Ring lilipopanga orodha ya mabondia 100 wenye makonde mazito kupita wote, lilimweka katika nafasi ya nane. Aliyemfuata, katika nafasi ya tisa, ni George Foreman, ambaye wakazi wa Kinshasa walimwona kwa macho yao mwaka 1974. Ni vigumu kumpata mtu Kinshasa anayehitaji kuelezwa nguvu za Foreman. Lakini ni wachache, Kinshasa na kwingineko, wanaojua kwamba mbele yake katika orodha hiyo amesimama mhunzi mwenye kipara na miguu ya korongo, ambaye uzito wake haukufikia kilo 80.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo hutumiwa kuonya dhidi ya kizuri kisicho na kitu ndani. Maisha ya Fitzsimmons yanafundisha kuigeuza: lipo pia la sura mbaya ambalo ndani yake mna chuma. Anayeandika historia ya ndondi kwa kutazama picha za mabingwa peke yake atamruka. Anayefuata raundi kwa raundi hatamruka.