Gwassi Vinywani mwa Wazee

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni nchini Kenya ilitunga sheria iliyolenga ukoo mmoja. Ni Watalai, ukoo wa orkoiik, viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, waliokaa katika vilima ambavyo leo ni Kericho na Bomet. Katika sheria ile kuna gavana na amri yake. Kilio cha aliyehamishwa hakimo. Mahali walipopelekwa ni Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria.

Uadui ulikuwa wa siku nyingi. Mwaka 1905 afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, alimuua Koitalel arap Samoei, orkoiyot (umoja wa orkoiik) wa ukoo huohuo kule Nandi. Mwaka 1914 ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa orkoiyot kwa Wakipsigis, alipelekwa uhamishoni Fort Hall, yaani Murang'a, akafia huko. Miaka ya 1920 kampuni za chai zikashika ardhi ya Kericho, na ng'ombe wa walowezi walipoibwa, waliolaumiwa ni Watalai.

Basi mamia ya watu wakahamishwa, wake kwa waume, pamoja na watoto. Walitoka kwenye baridi na mvua wakatupwa kwenye joto, mbu na mbung'o. Mtu wa milimani hana kinga ya malaria, na ng'ombe akiumwa na mbung'o huweza kudhoofika akafa. Kwa mfugaji, hasara hiyo hukata maziwa ya mtoto na mahari ya kijana. Walikaa huko hadi 1962.

Mateso ya namna hii yana wasimulizi wawili: aliyetoa amri na aliyeumia. Wajaini wa India, ambao wazao wao walijenga hekalu Mombasa, walimpa kauli aliyeumia tangu kale. Katika kimoja cha vitabu vyao vitakatifu, Uttaradhyayana, kijana Mrigaputra anakumbuka maisha yake yaliyopita. Anataka kuwa mtawa, na wazazi wanamwonya kwamba maisha ya mtawa ni magumu mno. Yeye anawajibu kwa kuwahesabia aliyoyapata jehanamu katika maisha hayo ya awali: kuchomwa, kukatwa, kupikwa chunguni, kunyweshwa shaba iliyoyeyuka. Hasemi tu kwamba aliteseka. Anaeleza moto, kisu na kiu. Karne nyingi baadaye wachoraji wa Kijaini walizipaka jehanamu hizo rangi katika kurasa za miswada, msomaji asipite bila kuona.

Watalai hawakuwa na miswada. Walikuwa na wazee, na wazee wale walifanya kama Mrigaputra: walitaja homa, mifugo iliyokwisha, na waliozikwa ugenini. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo fasihi kuu ya mateso katika nchi ya chai, ingawa haijafungwa jalada. Waliporudi walikuta ardhi ina wenyewe wapya. Wengi wakabaki Kericho na Londiani bila shamba.

Masimulizi hayo yamefika mbali. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa. Mwaka huohuo malalamiko yao yalipelekwa Umoja wa Mataifa, na Agosti 2022 yakawasilishwa kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu dhidi ya Uingereza. Oktoba 2023 Mfalme Charles alizungumza jijini Nairobi juu ya huzuni na majuto yake makubwa kwa maovu ya ukoloni. Hakuomba radhi, na radhi ni miongoni mwa mambo ambayo watu wa Kericho waliyadai kwa maandishi.