Farasi Alipokufa, Mtu Akabebeshwa

Historia ya dunia imesimuliwa sana kutoka mgongoni mwa farasi. Tangu watu wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi walipomfuga, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, amevuta magari ya vita ya Mafarao na kuwafikisha Wamongolia hadi Ulaya. Hata Afrika Magharibi, dola la Oyo lilitamba kwa wapanda farasi wake.

Na huku kwetu je? Huku farasi alikuwa na adui mdogo kuliko kidole: ndorobo. Mbung'o huyu humwachia mnyama vijidudu kwenye damu, akakonda, akaanguka, akafa. Ndiyo maana pembe za ndovu zilifika pwani mabegani mwa wapagazi.

Somo hilo lilikuwa wazi, lakini mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts aliingia koloni la Wajerumani, Tanzania bara ya leo, na wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Hesabu yake ilikuwa kumzunguka adui kwa kasi. Basi ndorobo wakafanya kazi yao. Mvua na maradhi mengine yakamalizia. Farasi na nyumbu wa mizigo wakafa maelfu kwa maelfu.

Vita havikusimama. Chakula na risasi zilihitaji mgongo mwingine, na mgongo huo ukawa wa mtu. Mwaka 1917 msako wa wapagazi ulizidi: machifu waliagizwa kutoa vijana, wapende wasipende. Kila mmoja alibebeshwa kilo 20 na zaidi, akatembea kwa miguu mitupu. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Wanahistoria wanakadiria kuwa zaidi ya 40,000 waliotoka Kenya hawakurudi.

Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalikunja jina hilo, tukapata Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Sanamu ya mpagazi nayo ipo Kenyatta Avenue tangu 1928, lakini majina yao hayapo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kuwa maelfu ya Waafrika walizikwa bila kuandikwa popote.

Farasi walikufa kwa sababu walipelekwa mahali pasipowafaa. Wapagazi walikufa wakifanya kazi ya farasi. Ukipita Kariokor kununua kiondo, ujue jina hilo ndilo kaburi lao.