Fundi, Mkandarasi na Daraja: Historia Fupi ya Istilahi za Usajili wa Wajenzi Tanzania na Kenya

1.0 Utangulizi

Dola inapofungua rejista, huamua kwanza nani atapewa jina ndani yake. Makala hii inafuatilia istilahi ambazo Tanzania na Kenya zimezitumia kuwapanga wajenzi, na inadai kwamba tofauti za istilahi hizo zina athari kwa soko la pamoja la Afrika Mashariki.

Msingi wa hoja umo katika maneno mawili. Fundi ni jina la ujuzi: huitwa hivyo anayejua kazi. Mkandarasi hutokana na kandarasi, neno la mkopo lenye asili ya Kiingereza, nalo ni jina la mapatano: huitwa hivyo anayetia saini. Sheria za usajili zilianza na mtia saini.

2.0 Tanzania: Kutengana kwa Rejista

Sheria Na. 35 ya mwaka 1972 iliunda bodi moja ya kitaifa ya wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi na wajenzi wa majengo. Hivyo msimamizi na msimamiwa waliwekwa chini ya paa moja, na jina la bodi lilitaja majengo pekee. Mwaka 1997 paa hilo liligawanywa. Sheria Na. 16 iliwahusu wabunifu na wakadiriaji, Sheria Na. 17 iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi, yenye mamlaka pia juu ya kazi za barabara, umeme, mitambo na kazi maalumu. Makandarasi wa majengo na wa kazi za kihandisi hupangwa katika madaraja saba, na wa kazi maalumu katika madaraja matatu. Mtaji, vifaa na wataalamu huamua daraja, nalo daraja huweka kikomo cha thamani ya kazi moja.

Hapa lugha ina mtego wake. Daraja la cheo na daraja la kuvukia mto yote yamo katika ngeli moja, hivyo upatanisho wa kisarufi hauyatofautishi. Maneno “makandarasi wa madaraja” katika tangazo la zabuni yanaweza kusomwa kwa namna mbili.

3.0 Kenya: Kutoka Herufi hadi Tarakimu

Kenya, ambako mwanakandarasi husikika zaidi, wizara inayohusika na ujenzi ilitumia herufi A hadi H. Sheria Na. 41 ya mwaka 2011 ilianzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na ngazi zikawa NCA1 hadi NCA8. Alama zilibadilika, idadi ikabaki nane. Badiliko kubwa lilikuwa kwingine: Mamlaka hiyo ilipewa pia jukumu la kuwatambua mafundi stadi na wasimamizi wa maeneo ya ujenzi. Fundi, aliyekuwa nje ya orodha ya makandarasi, akapata mlango wake.

4.0 Mgeni ni Nani?

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Hata hivyo, sheria ya Kenya iliyofuata mwaka mmoja baadaye ilipima ugeni wa kampuni kwa mahali iliposajiliwa na uraia wa wenye hisa nyingi. Kwa kipimo hicho, kampuni ya Kampala au Mwanza ni ngeni Nairobi sawa na ile ya Ulaya. Kanuni za mwaka 2014 zilimtaka mkandarasi wa kigeni aahidi kuwashirikisha wenyeji katika angalau asilimia 30 ya thamani ya kazi. Lengo la kuwalinda wenyeji linaeleweka; kinachokosekana ni istilahi ya mjenzi asiye mwenyeji wala mgeni kamili, yaani jirani.

5.0 Hitimisho

Tangu mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini Tanzania. Sheria ya makandarasi, Sura ya 235, inapowekwa katika Kiswahili, fursa ni kubwa kuliko tafsiri. Tunapendekeza mambo matatu: “daraja” litumike kwa kivuko na “ngazi” kwa cheo, nchi wanachama ziwe na jedwali la ulinganifu wa ngazi saba na nane, na fundi atajwe kisheria kwa jina lake. Ukuta ukianguka, rejista humtambua aliyetia saini. Haki inahitaji pia kumjua aliyepanga matofali.