Pipa la Maji Nyuma ya Mashine

Katika vijiji vingi vya Singida, Tanzania, mashine ya kusaga ilisikika kabla haijaonekana. Mlio wake ulikuwa wa taratibu, pigo moja moja, wa injini ya dizeli yenye silinda moja na gurudumu zito kila upande. Mbele kilikaa kinu, mkanda mrefu ukikiunganisha na injini; nyuma, mara nyingi nje ya ukuta, lilisimama pipa la chuma la lita 200 lenye mabomba mawili, moja juu na jingine chini. Pipa hilo ndilo lililopoza injini. Maji yaliyopata moto kuzunguka silinda hupanda kwa wepesi wake kupitia bomba la juu, hupoa ndani ya pipa, hushuka, kisha hurudi kwenye injini kwa bomba la chini. Hakuna pampu, hakuna feni, hakuna rejeta. Kampuni ya Lister ya mji wa Dursley, Uingereza, ilianza kuuza injini za namna hii mwaka 1929, zikizunguka mara 600 tu kwa dakika, baadaye 650. Zilienea Afrika Mashariki hata jina la kampuni likawa jina la mtambo: watu walisema “lista”, na kila aliyesikia alielewa. Mtambo huo una la kutufundisha kuhusu historia ya ufundi vijijini, kwa sababu ndio huohuo uliofungwa kwenye vinu na kwenye visima, na huko haukupata bahati moja. Dai langu ni kwamba umri wa mtambo katika mkoa kama Singida umeamuliwa na kifaa chake kibovu kuliko na ubora wake: kama ubovu huo unaonekana, nani ana ruhusa ya kukifungua, na kingine kinapatikana wapi.

Singida ni mahali pazuri pa kulipima dai hilo, maana jiografia yake haina huruma kwa mitambo. Kwa barabara ni karibu kilomita 700 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na lami kamili ilifika katika miaka ya 2000. Wakoloni wa Kiingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kwenda Kinyangiri katika miaka ya 1930, kisha likafungwa na kung'olewa katika miaka ya 1940; miongo mingi ikapita kabla treni haijarudi Singida. Maji nayo ni tatizo la pili. Sehemu kubwa ya mkoa imo katika bonde la ndani, ambalo mito yake haifiki baharini, na maziwa ya Singidani na Kindai pale mjini ni ya chumvi. Maji ya visima yenye madini mengi yakichemka siku baada ya siku kuzunguka silinda, huacha gamba jeupe kama la ndani ya birika. Gamba likinenepa, njia ya maji hubana, chuma hupata moto kupita kiasi na hatimaye hedi hupasuka. Kwa hiyo injini inayopozwa kwa maji iliwekwa katika nchi ambayo maji yenyewe ni adimu na hayafai sana kuipoza.

Hata hivyo ilidumu, na sababu iko palepale kwenye pipa. Pipa liko wazi, na kila ubovu hujitangaza humo. Mapovu yakitoka mfululizo kwenye bomba la juu injini ikiwa inanguruma, gasketi ya hedi imeungua au hedi ina ufa, na moshi unapenya kwenye maji. Injini ikiungua huku maji ya pipa yangali baridi, bomba au njia za ndani zimeziba. Maji yakipungua pasipo tundu lolote, fundi huchomoa kijiti cha oili. Akikuta oili imegeuka rangi ya maziwa, anajua maji yamekwenda wapi. Hakuhitaji kipimo wala kitabu cha Kiingereza. Hedi inafunguliwa kwa spana chache, inabebwa na mtu mmoja, na inaweza kufungwa kwenye keria ya baiskeli hadi mjini. Kule inachomelewa au kusawazishwa uso. Bushi inachongwa upya kwenye mashine ya kukerezea. Gasketi, ikikosekana dukani, inakatwa kwa mkono kutoka kwenye karatasi ya gasketi. Ufundi huu haukuwa wa kubahatisha. Ulikuwa na utaratibu wake: tazama dalili, fungua sehemu moja, linganisha kifaa kilichokufa na kilicho hai, kisha amua kama ni cha kutengeneza au cha kutupa.

Sasa tazama mtambo wa aina hiyohiyo ukiwa kisimani. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka hiyo, kisima chenye injini kilikuwa sehemu ya ahadi. Maji yalikuwa bure, na injini ilikuwa mali ya serikali. Pampu iliponyamaza, kijiji kilipeleka taarifa wilayani, wilaya mkoani, kisha kikasubiri gari, dizeli na spea. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979. Katikati ya miaka hiyo vikaja vita vya Kagera. Fedha za kigeni zikakauka. Ghala la mkoa likiwa tupu, ngazi zote za taarifa hazikuwa na maana. Mpango ulifika ukomo wake mwaka 1991 ukiwa mbali na lengo. Fundi aliyefufua lista ya kinu angeweza kuifufua ya kisimani, lakini hakuna aliyempa ruhusa ya kuigusa.

Hapa msomaji ana haki ya kunipinga. Atasema jibu ni fedha tu: kinu huingiza pesa kila debe linaposagwa, mwenye mashine hawezi kulala siku mbili bila kazi, ilhali maji ya bure hayana mwenyewe. Pingamizi hilo ni zito na sehemu yake ni kweli. Lakini lingekuwa kweli lote, mambo yangegeuka baada ya Sera ya Maji ya mwaka 1991, na hasa ile ya 2002, kuwataka wanavijiji wachangie na kugharimia uendeshaji. Hayakugeuka kiasi hicho. Mwaka 2009 shirika la WaterAid lilitoa taarifa iliyoonyesha kuwa karibu nusu ya vituo vya maji vijijini Tanzania havikuwa vikifanya kazi, na kwamba robo ya miradi ilikuwa imekwama miaka miwili tu baada ya kujengwa. Mradi wa miaka miwili haujachakaa. Umepata kifaa kimoja kibovu, basi, na kamati yenye akiba ya fedha haina pa kuipeleka: pampu ya kijiji hiki haikubali vali ya pampu ya kijiji jirani, kwa kuwa kila mfadhili alikuja na ya kwake. Fedha bila duka na fundi ni noti ndani ya sanduku.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine, kwamba ufundi wa kuchonga na kuchomelea ni kuahirisha kifo, na kwamba umefungua mlango wa spea feki. Baada ya bajeti ya 1984 kuruhusu wafanyabiashara kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, milango ilifunguka. Injini zilizonakiliwa India, nyingi kutoka Rajkot, zikajaa vijijini, na Lister yenyewe iliacha kuzitengeneza Uingereza katika miaka ya 1980. Ubora wa nakala hizo ulipishana mno. Baadhi zilifika zikiwa na mchanga wa kalibu ndani ya mwili wa injini, mchanga unaokula beringi kama msasa, na fundi makini alijifunza kuifungua injini mpya na kuiosha kwa dizeli kabla ya kuiwasha mara ya kwanza. Na hedi iliyochomelewa vibaya hupasuka tena, safari hii pengine ikiharibu na pistoni. Nakubali yote hayo. Ila tazama nakala ilileta nini pamoja na ubovu wake: vipimo vilevile. Pistoni ya Rajkot iliingia, au ilikaribia kuingia, kwenye silinda ya Dursley. Kwa mwenye mashine wa Mkalama au Ikungi, kifaa cha wastani kilicho dukani Singida mjini kilishinda kifaa bora kilicho ng'ambo, na sioni jinsi ya kumlaumu.

Serikali yenyewe iliwahi kulionja jambo hili katika fani ya mbali na kinu. Mwaka 1974, baada ya matatizo ya mfumo wa hesabu wa kompyuta pale Hazina, Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ulikuwa uamuzi wa kupita kiasi, na uliigharimu nchi, lakini kiini cha hofu kilieleweka: mtambo ambao ubovu wake anausoma muuzaji peke yake humfanya mnunuzi awe mpangaji. Kijiji chenye pampu ya mfadhili kilikuwa mpangaji wa namna hiyo.

Leo mlio wa lista unapungua. Umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, umeingia vijijini na vinu vingi vinazungushwa na mota, isiyohitaji pipa. Visimani zimekuja pampu za kuzamishwa zinazoendeshwa na paneli za sola, na tangu 2019 miradi iko chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, pamoja na vyombo vya watumia maji. Huo ni unafuu mkubwa: hakuna dizeli ya kununua, hakuna wa kuamka alfajiri kuwasha. Lakini pampu iko mamia ya futi chini ya ardhi, na boksi la kuidhibiti likiungua halitoi povu wala kubadili rangi ya oili. Taa inazimika tu. Basi kabla ya utepe wa mradi ujao kukatwa, kamati ya maji imuulize mkandarasi mbele ya wananchi: boksi hili likifa, jingine liko duka gani, Singida mjini au Dar es Salaam, na ni nani hapa kijijini anayeruhusiwa kulifungua?