Sikio la Masika

Ikifika wiki ya pili ya Aprili sikio langu la kulia huanza kuwasha kwa ndani. Siku mbili za muwasho. Ya tatu naamka mto wa kulalia una doa la manjano, na ya nne nasikia watu kama niko chini ya maji nao wanazungumza juu. Hapo namwita kijana wangu wa deiwaka aje achukue pikipiki. Siku hizi hata haulizi sababu.

"Sikio, kaka?"

"Sikio."

Nilianza kubeba abiria Tanga mwaka 2011, na tangu hapo ni masika mawili tu yaliyopita bila sikio kunishusha. Wiki tatu, wakati mwingine tano. Hesabu ya bosi, mwenye pikipiki, ni shilingi 8,000 kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe, kwa hiyo siwezi kuikalisha pikipiki. Deiwaka anaendesha, analeta ya bosi, anabaki na yake, mimi napata kinachobaki, na aghalabu hakibaki kitu.

Wiki hizo huwa nakwenda Kigombe kwa mama. Huko ndiko nilikojifunza habari za barabara ninayoifanyia kazi, kwa sababu mtu asiye na la kufanya hukaa barazani na wazee. Nakaa kulia kwao, ili sikio zima, la kushoto, liwaelekee. Wameshazoea, wananiachia nafasi.

Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kilomita 50 hivi, unapita Machui, Tongoni, Kigombe. Sisi tunasema tunakwenda Pangani kana kwamba ndiko mwisho wa dunia, mji mdogo wa majumba yaliyokatika mapaa. Wazee wa wazee wetu waliusema kinyume chake: Pangani ndiko dunia ilikoanzia. Misafara ya pembe za ndovu iliingia na kutoka hapo, ikipanda na bonde la mto kwenda Upare, Kilimanjaro na Umasai. Majahazi yalikuja na kaskazi na kuondoka na kusi, na bondeni kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa.

Pembe zile hazikuja kwa gari wala kwa punda. Zilikuja begani. Frasila moja ni kama kilo 16, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, ukiacha mkeka wake, chungu chake na posho yake. Mimi nikipakia gunia la unga la kilo 50 nyuma ya kiti nalalamika, na anayelibeba ni injini.

Waliobaki vitabuni ni wenye mali na wenye bunduki. Tunamjua Emil von Zelewski, wakala wa kampuni ya Kijerumani aliyekuja Pangani Agosti 1888 kupandisha bendera ya kampuni kwa nguvu, mji ukawaka. Tunamjua Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vile mpaka akanyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Ni haki wajulikane. Lakini nikikaa barazani na pamba sikioni namfikiria zaidi mpagazi aliyefika pwani na bega limevimba usaha. Alilala wapi wiki zile asizoweza kubeba? Nani alimlisha? Alikuwa na deiwaka wake?

Kilichoiua Pangani ni reli, kuliko hata vita. Wajerumani walianza kuijenga kutokea Tanga mwaka 1893, ambako bandari ina kina na haina fungu la mchanga mlangoni kama mto Pangani. Reli ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kila iliposogea kituo kimoja, mzigo wa kituo kile ulishuka begani ukapanda behewani. Ndani ya miaka 20 kazi iliyokuwa imelisha pwani hii kwa vizazi ilikwisha, na barabara ya Tanga na Pangani ikawa njia ya watu wa vijijini tu.

Pangani ilibakiwa na zawadi moja, kama ni zawadi. Mwaka 1892 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika Tanga mwaka 1893 ikiwa hai ilikuwa 62, nayo ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto, upande wa kusini wa Pangani. Mashamba yote ya mkonge ambayo babu zetu waliyafanyia kazi, kuanzia hapa Kigombe hadi Ngomeni na Korogwe, yalizaliwa na miche ile 62.

Babu yangu mzaa baba aliajiriwa katika shamba moja la mkonge akiwa kijana, enzi za manamba, wakati watu walioletwa kutoka bara waliitwa kwa namba zao kabla ya majina. Hakuwa mkataji. Alikuwa kwenye korona. Asiyeiona korona ni vigumu kumweleza. Majani ya mkonge yanalazwa kwenye mkanda, yanaburutwa ndani ya mtambo, na humo mna magurudumu makubwa yenye mapanga butu yanayozunguka kwa kasi na kuyapondaponda mpaka nyama yote ya jani itoke zibaki nyuzi. Maji yanamwagika humo mfululizo. Chini linatoka tope la kijani linalochoma ngozi na kunuka kama kitu kilichooza tangu jana. Mlio wake ni kishindo kimoja kirefu kisicho na pumzi, asubuhi hadi zamu iishe. Wafanyakazi waliongea kwa mikono.

Babu hakupewa cha kuziba masikio, na sidhani kama kuna aliyefikiria kwamba kinahitajika. Nilipomjua mimi alikuwa mzee wa kunong'ona kwa sauti ya kuita mashua. Bibi akimtaka chakulani alikwenda kumgusa bega. Watoto tulicheka, na sasa kicheko kile kinanirudia kila Aprili.

Mkonge ulifika kileleni mwaka 1964, tani 230,000 hivi kwa mwaka nchi nzima, hakuna nchi iliyotupita. Bei ikaanguka, kamba za plastiki zikaingia, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufikia mwisho wa karne uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Baba hakupata hata nafasi ya kufanywa kiziwi na korona. Yeye alinunua baiskeli ya Phoenix ya Kichina, akafunga tenga nyuma, akawa mchuuzi wa samaki: alfajiri anasubiri ngalawa Kigombe, saa tatu yuko Ngamiani anauza, barabara ya mchanga na mashimo njia nzima. Magoti yake ndiyo yaliyolipa. Anayo mpaka leo, yakilia anapoinuka kwenye mkeka wa swala.

Na mimi nikaja na pikipiki. Neno bodaboda lenyewe lilisafiri kutufikia. Lilianza kwa waendesha baiskeli wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, waliovusha watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka hadi kituo kingine. Hapa kwetu pikipiki za abiria zilikuwa zikikimbizana na askari mpaka mwaka 2010, zilipotoka kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, chini ya SUMATRA, mamlaka ambayo kazi yake hiyo baadaye ilihamia LATRA. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa SanLG. Injini za namna ile asili yake ni Honda CG125, iliyotoka miaka ya 1970 ikiwa imebuniwa makusudi kwa nchi kama zetu, kwa mtu anayepakia kupita kiasi na kuchelewa kumwaga oili. Viwanda vya China vikaiga, bei ikashuka, na vijana wa pwani ambao reli, mkonge na samaki vimewaacha mkono wakapata cha kushika.

Pamoja na pikipiki ikaja kofia ngumu. Nayo ina historia ambayo ningependa kila kijiwe kiijue. Mei 1935 mwanajeshi wa Kiingereza T. E. Lawrence alianguka na pikipiki akafa siku ya sita bila kuzinduka. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, na kifo kile hakikumtoka akilini. Aliwachunguza waendesha pikipiki wa jeshi waliofia barabarani, na mwaka 1941 akachapisha alichokiona: wengi walikufa kwa kichwa, na waliovaa kofia ngumu walinusurika zaidi. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likaanza kuwalazimisha wapanda pikipiki wake kuzivaa. Mimi nimeanguka mara mbili, mara moja kwenye matuta ya Pongwe na abiria nyuma, na kichwa changu kipo. Siivui, hata sikio likiuma vipi.

Lakini kofia ile inalinda fuvu. Sikio halimo katika hesabu yake. Masika yangu ndani ya kofia huwa hivi. Sponji za mashavuni zinalowa kwa mvua ya asubuhi, hazikauki, mchana zinaiva kwa jasho, jioni zinalowa tena. Sikio limebanwa humo saa 12 kama kidole ndani ya buti lenye maji. Mwenye ngoma ya sikio nzima huenda akapata muwasho tu, au fangasi. Yangu ina tundu.

Tundu hilo nililipata utotoni. Nilikuwa na homa, sikio likauma usiku mzima, alfajiri likapasuka usaha na maumivu yakaisha papo hapo, tukashukuru. Bibi alikamua majani ya kivumbasi kwenye mafuta ya uto ya vuguvugu akanidondoshea matone matatu. Alifanya alichofanyiwa na mama yake, kwa mkono wa huruma, na mimi nililala. Hakujua kwamba usaha ulipita kwa kuitoboa ngoma, na kwamba kuanzia siku ile chochote kinachoingia sikioni, mafuta, maji ya mto, jasho, kina njia ya kufika ndani ambako hakitakiwi.

Ukubwani nilikosea zaidi kuliko bibi. Kwa miaka minne kila masika nilikwenda duka la dawa, nikaeleza dirishani, nikapewa matone, bila mtu kuchungulia sikio. Daktari wa kwanza aliyeingiza kile kifaa chenye taa aliuliza jina la dawa niliyokuwa nikitia, akatikisa kichwa. Kuna matone, alisema, yenye dawa za jamii ya gentamaisini, ambayo yakipita kwenye tundu yanaweza kuharibu sikio la ndani, kusikia na hata mizani ya mwili. Mtu wa magurudumu mawili kupoteza mizani! Alinipa siprofloksasini ya matone. Akanionyesha kusokota pamba safi iwe utambi, kuufuta usaha taratibu, kutupa, kusokota mwingine, mpaka utambi utoke mkavu, ndipo nitie dawa. Wakati wa kuoga, pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Na pikipiki hapana, mpaka pakauke.

Nilibisha. Nikamwambia sikio moja halinizuii kuendesha, macho yapo. Akaniuliza kwetu magari yanapita upande gani. Nikanyamaza. Tunaendesha kushoto, kila anayetupita anatupitia kulia, na la kulia ndilo bovu.

Nilikuwa nayajua hayo tayari kwa mwili wangu. Mei mmoja, mbele kidogo ya Machui, nilisikia honi nikadhani inatoka mbele, kwenye kona. Nikakaza macho mbele. Ilikuwa lori la mchanga, nyuma yangu, limeshaanza kunipita. Upepo wake ulinisukuma hadi kwenye majani, na abiria wangu, mama wa makamo aliyekuwa akirudi kutoka soko la Mgandini, alinishika kiuno akasoma shahada. Daktari alinieleza kwamba sauti ya upande mmoja hufika sikio la karibu kabla ya la mbali, kwa tofauti isiyotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa tofauti hiyo ubongo hujua honi iko wapi. Mwenye sikio moja anasikia honi. Mahali ilipo hapajui.

Nilimsimulia baba. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba babu hakugongwa kwa ujinga kama tulivyosimuliwa siku zote. Toroli la mkonge lilimjia kwa nyuma kwenye reli ndogo ya shambani, wenzake wakapiga kelele wote, naye akageuka upande usio wake. Alipona, kwa mguu wa kuchechemea. Nilikuwa nimeishi miaka thelathini na kitu nikidhani babu yangu alikuwa mzembe tu.

Tundu linazibika. Wanachukua utando mwembamba nyuma ya sikio lako mwenyewe wanaulaza kwenye tundu la ngoma, upasuaji ambao madaktari wa Kijerumani waliuweka sawa miaka ya mwanzo ya 1950, na hapa nchini unafanyika. Ila daktari anataka sikio likae kavu miezi mitatu kwanza, na baadaye siku 40 bila kofia, maana yake bila pikipiki. Kavu ya kuaminika kwetu ni kaskazi, Desemba mpaka Machi, na hiyo ndiyo miezi yenye abiria. Siku 40 kwa shilingi 8,000 ni 320,000 za bosi peke yake. Kwenye chama cha kijiwe nina 190,000.

Nimemwambia bosi. Amesema atalala nalo. Deiwaka amekubali kuleta 8,000 yote na kuchukua kidogo kwake, kwa sharti nimwachie kofia yangu, yake imepasuka. Jua limetoka leo baada ya siku sita, nimezitoa sponji zote, nimezifua kwa sabuni, zimeanikwa juu ya banda la kuku la mama.

"Zimekauka?" baba anauliza, upande wa kushoto.

Bado.